Jambia, Ukurasa wa 212

Tartu, Februari. Mto Emajõgi umeganda,
na juzuu ya tatu imelala chali chini ya taa ya skana
kama mgonjwa asiyemjua daktari.
Kilo mbili na robo. Nimeipima kwa mzani wa posta
kwa sababu Profesa Sepamaa alizoea kusema
elimu isiyoumiza mgongo si elimu.

Miaka thelathini na mmoja alihariri
tungo za mchungaji mmoja aliyekufa kwa tauni
akaacha nakala nne, na hakuna mbili zinazopatana.
Juu, shairi: mistari sita, pengine mitatu.
Chini, msitu wa tanbihi kwa herufi za sisimizi.
*Shamba la jirani limelala chini ya* nini?
A husema theluji, B husema chumvi,
C imeliwa na panya,
D ina haraka, herufi zake zinakanyagana.

Kazi yangu ni kuuhamisha msitu huo
mti kwa mti, pamoja na wadudu wake.
Karatasi ilikuwa na adabu ya kunyamaza.
Mashine huuliza kama afisa wa forodha:
hili ni neno au kosa? Kosa la nani?
Fungua. Taja. Funga.
"Huenda" nayo ina fomu ya kujaza.

Siku ya tisa nikalikuta jambia:
msalaba mdogo wenye ncha chini,
mbele ya neno chumvi.
Nikarudi kwenye ufunguo wa alama, ukurasa wa kumi na nne.
Nyota ipo, mabano yapo. Jambia halipo.
Nikayahesabu yote: mia nne na sita.
Nikaandika, kwa muda, *haijulikani*.
Mashine ikakubali. Mimi sikukubali.

Masanduku yake yako ghorofa ya chini, kwenye baridi.
Katika la saba: risiti za kuni, miwani mbili,
lenzi nene kama kitako cha chupa,
halafu madaftari yenye mwandiko usio wake,
wino wa zambarau:
*Hillar haoni tena. Nimemsomea D hadi saa nane usiku.*
*Yeye anasema theluji. Mimi naona chumvi.*
*Ameniamini.*
Na pembeni, jambia.

Leida. Jalada halimjui.
Dibaji inamshukuru "mke wangu, kwa subira na chai."

Nimerudi mezani. Kuna kisanduku
ambacho mashine hukidai kwa kila usomaji:
*nani anawajibika*.
Nimekijaza mara mia nne na sita, kwa vidole,
ingawa ipo amri ya kuvijaza vyote kwa mkupuo
na ningemaliza kabla maji hayajachemka.

Kuna pamoja tu, ukurasa wa 330,
ambapo nadhani alikosea.
Hapo pia nimeacha jina lake.