Mikono ya Jumatano

Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori
iliyotungikwa mkwajuni nyuma ya jiko la skuli,
na aliyeigonga ni Silivano Mabruki,
ambaye hajapata kuisikia.
Aliipiga kwa nondo, kisha akaiwekea kiganja
mpaka chuma kiishe kutetemeka.
Hapo ndipo alipogeuka na kutabasamu:
basi, wameshaitwa.

Hiyo ni Weti, kwenye mteremko wa kwendea bandarini.
Kanisa dogo la mawe na chokaa,
bati limetoboka mahali patatu,
na jua la saa mbili likimwaga sakafuni
sarafu tatu ambazo hakuna aliyeweza kuziokota.
Watoto mia mbili na arubaini. Wakristo kumi na tisa.
Sisi wengine tulikaa nyuma na mitandio yetu, na kofia zetu.
"Asiyetaka kuimba asiimbe," alisema Padri Nakuchema,
mtu wa Masasi, mwenye kikohozi kisichopona.
"Lakini kunyamaza pamoja, hilo sote tunaliweza."

Silivano alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa.
Kabatizwa humu, babu yake kazikwa nyuma ya ukuta huu,
na miaka sita alikuwa akitazama midomo ya watu
kama atazamaye mvua ikinyesha shamba la jirani.

Padri akauliza: nani anaijua lugha ya mikono?
Wangu ukapanda kabla sijafikiri.
Mdogo wangu Hamadi ni kiziwi;
mikono niliijua kabla ya alifu na be.

Usiku nikamwambia baba. Alikuwa akichambua karafuu,
vikonyo huku, karafuu kule.
Hakuinua uso.
"Mchukuzi haulizwi dini ya gunia."
Na baada ya kitambo: "Lakini usilimwage."

Basi kila Jumatano nikasimama kando ya mimbari
nikichukua.
Mkate ulikuwa rahisi. Maji, rahisi.
Kusamehe: kiganja kikifuta kiganja, kama ubao.
Ramadhani ilipoingia nilitafsiri na koo kavu,
kumbe mikono haina kiu.
Padri hakuigusa gilasi yake mwezi mzima,
kikohozi kikamkaba, na sisi tuliofunga
tukamwombea kimoyomoyo anywe.

Siku moja akatamka: Roho.
Mikono yangu ikaning'inia kama nguo kambani.
Nyumbani kwetu neno hilo halikuwepo. Mikono yetu ilisema
muhogo, paka, umeniudhi, njoo.
Nikafanya upepo. Silivano akatikisa kichwa.
Nikafanya pumzi. Akafikiri. Akatikisa kichwa.
Padri akafunga kitabu, akangoja.

Silivano akanyanyuka, akaenda dirishani.
Ulikuwa msimu: majamvi yametandwa hadi ukingo wa barabara,
karafuu zinageuka hudhurungi juani.
Akafumba macho.
Akakusanya vidole vitano puani,
akavifungua taratibu kuelekea nje,
mpaka mkono wote ukawa wazi,
ukipita mabenchi ya mbele,
ukipita ya nyuma.

Bikombo, pembeni yangu, akaiga.
Kisha kofia zote za nyuma.
Padri naye akajaribu, akaanza mwisho, akaishia puani,
tukacheka hadi rimu ikagongwa.

Sasa nasomesha Chake. Padri karudi kwao, simu yake haipatikani.
Silivano anachomelea milango ya chuma Machomane,
na tukionana sokoni hunifungulia vidole vyake, vyeusi kwa masizi.
Dini yangu ni ile ile; hakuna aliyeniomba nyengine.
Ila nikishatoa salamu, kulia na kushoto,
kabla sijakunja mswala,
mkono hupanda wenyewe.

"Una mafua?" aliniuliza mama juzi.
"Sina. Nanusa karafuu."
Akachungulia nje, uani, jamvi limekunjwa limeegemezwa ukutani.
"Mwezi huu," akasema, "karafuu zimetoka wapi?"