Chumvi kwa Miguu

Toka mlangoni kwangu, Kamalondo, hadi ngazi za Posta
ni hatua elfu mbili mia tatu na kumi.
Hesabu hiyo ni ya baba, si yangu.
Alihesabu kwa sababu king'ora kililia saa tatu ya usiku
na mtu mweusi aliyekutwa ng'ambo ya reli bila karatasi
alilala kwa polisi.
Mashati ya Bwana Lambrechts yakichelewa kunyooka,
hatua zilikuwa ndefu.
Yakinyooka mapema, baba alisimama kidogo
mbele ya dirisha la duka la Mgiriki
kutazama saa za mkono, zote zikisema saa yake.
Hakununua hata moja.
Mimi ninazitengeneza. Meza yangu iko pale pale, chini ya baraza lile,
kati ya Kyungu wa kadi za simu
na mama anayeuza kikanda kwa kipande.

Katikati palikuwa na ukanda mtupu, nyasi tu,
ili mbu wetu wasifike kwenye vitanda vyao.
Ndivyo walivyosema: mbu.
Leo ukanda huo una makanisa, shule, pampu ya mafuta,
na Asnath Numbi anakaanga mikate
hapo ambapo baba alianza kukimbia.

Nyumba yetu ni ya matofali mekundu, nguzo mbili barazani.
Mlango ulipakwa kijani mwaka niliozaliwa
na haujapakwa tena.
Avenyu imebadilishwa jina mara tatu; sisi tunasema kwa Kapinga,
ingawa Kapinga alikufa
na kinu chake kiliuzwa kama chuma chakavu.
Mwezi wa kumi maua ya jakaranda yanakuganda kwenye soli,
unaingia nayo mjini, unatoka nayo,
usiku unayakuta chini ya kitanda.

Binti yangu Mireille amejenga kule Golf.
Ghorofa, ukuta wenye vigae vya chupa,
geti linalofunguka lenyewe kama mtu anayepiga miayo.
Akaja kunichukua na sanduku langu.
Nikamuuliza: chumvi mnanunua wapi?
Tunachukua gari, mama.
Na mkate?
Gari.
Na mtu wa kugombana naye asubuhi?
Akanyamaza.
Kisha akasema: mama, kuna kiyoyozi.

Nilikaa siku nne.
Siku ya tatu nilitoka kwa miguu,
nikafika kona, na kona nyingine pacha wake,
mbwa wakinipokezana ukuta kwa ukuta.
Mlinzi mmoja akafungua kidirisha: Mama, umepotea?
Nikamjibu: bado.

Sasa nimerudi. Magoti yameongeza hesabu ya baba,
elfu mbili mia sita na kitu,
sijawahi kuimaliza,
maana Asnath lazima aulize nimelalaje,
na Banza fundi viatu ananidai fransi mia tano tangu Pasaka,
hazitaki, anazitaja tu, kila siku, ili nisimame.
Na treni ya mizigo, ikija,
inatuzuia wote upande huu wa reli,
wa baiskeli, wa makala, wakili na viatu vyake vyenye ncha,
hakuna anayeulizwa karatasi,
tunasubiri shaba ipite.
Inachukua muda. Ni nyingi.
Haiteremki hapa.

Jana chumvi iliniishia, saa tatu ya usiku.
Bukari ilikuwa tayari, sombe inachemka.
Jirani anayo, ningegonga tu.
Nikavaa kandambili, nikavuka reli.
Duka lilikuwa limefungwa.
Nikasimama kidogo mbele ya kioo,
halafu nikarudi polepole,
polepole kabisa,
bila chumvi.