Mkalimani wa Siku Moja

Nilipewa soda na kofia ya bluu,
nikaambiwa: Mwalimu Semkiwa, leo wewe ni mdomo.
Mgeni atafundisha Kiingereza, wewe utamtafsiria.
Ukumbi wa kanisa, Pongwe, saa mbili asubuhi,
vumbi la kiwanda cha saruji limeshalala juu ya madawati
kama unga ambao hakuna atakayeusonga.

Watoto sitini na watatu. Nusu yao
mchana wana chuo kwa maalimu Mbaruku,
lakini kalamu za rangi hazina dhehebu.

Dada Mareni ana miaka kumi na tisa.
Pua imeungua jua tangu juzi, inabambuka.
Kanisa lao, alisema, liliuza keki miezi minne
ili yeye asimame hapa, mbele ya ubao wenye ufa,
chaki mkononi kama mtu aliyeshika mshumaa penye upepo.

Alianza na sala, macho kafumba:
Baba, wabariki watoto hawa wasio na kitu.
Nikatafsiri: Baba, wabariki watoto hawa.
Nikakomea hapo.
Mwantumu, mstari wa mbele, alikuwa na hereni mpya.
Hizza ana njiwa kumi na mmoja, na kila mmoja ana jina.
Ningeanzia wapi?
Amina, wakaitikia, na wale wa maalimu pia.
Amina ni amina.

Kisha somo. Akaandika neno la shukrani la kwao,
akageuka, akatoa ulimi, akaubana kwa meno:
aliambiwa, huko alikofundwa kabla ya safari,
kwamba sauti hii Waafrika haiwaingii.
"Thhh," akasema, taratibu, kama anayebembeleza paka.
Darasa likamtazama.
Mwantumu akanyoosha kidole: "Mwalimu, si ile ya thelathini?"
Basi ikawa mvua ya mawe: thelathini! thamani! thawabu!
methali! thumuni! Na mmoja wa nyuma: hadithi!
Ndimi zote nje, hata zisizohitajika.
Mareni akacheka mpaka akaketi sakafuni,
sketi yake nyeusi ikainuka na saruji ya Pongwe.

Nilimpenda hapo. Lazima niseme.

Zamu ikageuka yenyewe. Hizza akachora ng'ombe,
akamwambia: sema.
"Ngombe," akasema, kwa ng ya ngoma.
"La! Puani, dada, puani!"
"Ngombe."
Mara saba. Ng'ombe wenyewe wa mzee Kihiyo
walipita nje ya dirisha bila kugeuka.

Saa nne, wakati wa maandazi, Hizza akanivuta kanzu:
mwulize, huko kwao nani anamngoja?
Nikamwuliza. Alichelewa kujibu.
Mama alifariki mwezi wa pili. Baba
hasemi naye tangu mazishi, haamini tena,
hataki kusikia habari za kanisa wala za safari.
Aliyasema hayo akilitazama andazi lake.
"Anasemaje?"
Nikamwambia Hizza: anangojwa na watu wengi sana.

Mara mbili, basi, kabla ya adhuhuri,
nilisitiri aibu ya upande huu na ya upande ule.
Mchungaji Shemdoe husema mkalimani mwaminifu ni kioo.
Mimi nilikuwa pazia. Mungu atanihukumu
kwa lugha atakayoitaka mwenyewe.

Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu kwa mgeni,
waja leo, waondoka leo? na huwa tunausema
huku tumemshika mkono, tunamrudisha ndani.
Saa kumi gari likapiga honi.
Hakuna aliyemshika mkono. Tulipunga tu.
Vumbi lilipotulia Hizza akaniuliza:
"Sasa kama wanamngoja wengi, mbona alitaka kulia?"
Nilijifanya natafuta funguo.

Nikabaki kufagia. Ubaoni, chini kabisa,
kwa mwandiko wa duara duara, aliacha: ngombe.
Nikafuta tarehe, nikafuta shukrani.
Lile nikaliacha. Nikaokota kipande cha chaki,
nikalitia ritifaa yake,
nikaenda kufunga dirisha.