Tunutu Nambari Kumi na Sita

Oda ya leo ni dazeni ishirini, za mtu wa mbali
asiyejua Kariobangi iko upande gani wa dunia.
Tunutu wa kwanza si wake.
Wa kwanza ni wako, Gathogo.

Nabana ndoana kwenye jiliwa,
nambari kumi na sita, sawa na punje ya mpunga.
Jirani anachomelea geti; cheche zake
zinamulika bati, kisha giza, kisha bati.
Julai imetukalia. Napuliza vidole
mpaka vikumbuke kazi.

Uzi wa kahawia kwanza, umepakwa nta.
Kisha mkia.
Maelekezo ya wageni yalitaka ndege wa kwao,
nawe hukuwa naye. Ulimkimbiza jogoo mwekundu wa mama yako
kuuzunguka ua wote wa Tetu,
ukachapwa, ukabaki na manyoya matatu mkononi.
Ndivyo kazi hii ilivyoanza kwako:
kipigo, na manyoya matatu.

Ulikuwa mbeba kapu. Bwana anarusha, wewe unabeba;
bwana anakosa, kinalaumiwa kivuli chako.
Ukausoma mto Gura ukiwa umeinama,
jiwe kwa jiwe,
hadi alfajiri ile uliyorusha mwenyewe,
fimbo ya mwanzi, leseni huna,
na trauti akaja
kana kwamba hakuna aliyemwambia.

Sasa shaba. Waya huu umetoka
kwenye mota iliyoungua ya kinu cha posho,
kwa Abuto, shilingi hamsini baada ya kubishana.
Mizunguko mitano, kinyume cha unyoya,
ili meno yasiufumue.
"Legeza, Nathambu," ulimi wako wa Nyeri
ukiligomea jina langu,
"si kamba ya mbuzi hiyo."
Na siku nilipoongeza nyoya la tausi, nikajipongeza,
ulikwangua lote kwa wembe.
"Umemvika koti la Krismasi.
Huyu anaishi chini ya jiwe. Mabawa hana bado.
Usimpambe."

Miaka minne sikukuelewa.
Nilidhani unabania manyoya.

Mimi trauti sijamwona, si mbichi, si wa kukaanga.
Miaka kumi na tisa vidole hivi vinadanganya samaki
wa mito nisiyoweza kutamka majina yake.
Ulisema utanipeleka Gura mvua ikipungua.
Ikapungua. Ikaja nyingine.
Ukaja mgongo wako, ukaja moyo wako,
kisha lori la waombolezaji likavuka daraja upesi mno:
niliona maji kidogo tu,
meusi, yenye haraka zake,
na mwanamke mmoja akiosha viazi.

Fundo la mwisho. Tone la rangi ya kucha, ile isiyo na rangi,
maana vanishi iliisha Jumanne.

Kikombe chako cha bati kiko kwenye rafu bado,
kimebanduka ukingoni pale mdomo wako ulipozoea.
Nakijaza maji ya mtungi. Humo ulijaribia kila mmoja wetu,
tunutu na mwanafunzi:
"Anayeelea ni pambo. Tunutu azame."

Namwachia.
Anakaa juu kwa muda, mbishi,
amebebwa na ngozi ya maji,
na mimi nimeshika pumzi kama siku ya kwanza.
Kisha shaba inakumbuka uzito wake.
Anashuka, mkia juu, polepole,
hadi chini, kwenye doa la chai
ambalo hakuna sabuni iliyowahi kulitoa.

Stima inapotea. Jirani anaitukana nguzo.
Naegemea dirisha na kikombe,
namtazama alivyolala pale, mdogo, wa kahawia,
hana la kumwonyesha mtu.

Dazeni ishirini zinangoja.
Zingoje.