Matango ya Siki

Kwa mkuu wa taarifa za wateja,
Steyr, Austria.

Bahasha yenu ilifika Jumanne, nzito,
tarishi akagonga mlango kwa kiwiko.
Kurasa mia nne na kumi na mbili!
Nami miaka yote nilidhani ile kadi ya njano
ni ya kupunguziwa bei ya siagi.

Nimesoma jikoni, miwani ikiniteleza puani.
Matango ya siki, chupa tatu, kila Ijumaa.
Nyembe. Bia mbili. Bia mbili. Bia mbili.
Kisha Oktoba, bia moja,
na nepi za watu wazima,
na dawa ya kupaka vidonda vya mgongoni.
Tarehe kumi na tisa Novemba,
mshumaa mweupe, mrefu.
Baada ya hapo ni mkate nusu, nusu, nusu.

Siku ile sikumwambia mtu.
Hata Friedl, dada yangu, nilimpigia kesho yake.
Ninyi mlijua saa tisa na dakika nne,
kaunta namba sita.

Pembeni mkaandika kwa herufi za sisimizi:
*Kaya ya mtu mmoja. Huenda akahama.*
Ndiyo maana likaja tangazo la makao ya wazee
maua ya kaburini hayajanyauka.
Nikalilaumu posta.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Haya, mali ilikuwa yangu,
daftari likawa lenu,
na habari mkaipeleka sokoni.

Mnasema niliridhia. Ushahidi, ukurasa wa tatu:
kisanduku, alama ya vema, saini yangu.
Nimeisogeza dirishani.
Ile H yenye mkia si ya mkono wangu.
Ni Alois huyo, anatia saini kwa niaba yangu,
mfuko wa viazi kwapani,
kwa kuwa walimwahidi mwavuli wa bure.

Mwavuli upo, nyuma ya mlango. Njooni mwuchukue.

Basi futeni. Simu yangu, umri wangu,
vidonda vyake, na yote mliyoyakisia.
Sikuombi, bwana; sheria inanipa.
Ila msifute kabla sijawaandikia tena.
Karatasi zenu wino wake unafifia,
nami nanakili kwa kalamu, kwenye daftari la shule,
Ijumaa moja baada ya nyingine.
Nimefika Juni.
Bado anataka matango.
Bia bado ni mbili.

Roswitha Haslinger