Duka la Rehani, Sabuk

Mlima ule ulikuwa na makaa ya mawe.
Sasa una taa. Kasino hufunga saa kumi alfajiri,
na ikifunga, mimi hufungua.

Kaunta ya kioo, mizani ya dhahabu, daftari,
na uani magari ishirini na saba chini ya theluji.
Katika moja kimebaki kiti cha mtoto
na soksi ya njano, ya mguu mmoja.
Siulizi. Muulizaji hana biashara.

Pyo Man-sik alichimba miaka kumi na tisa.
Kikohozi chake nakijua kabla hajagusa kitasa.
Alileta saa, akaleta koti,
akaleta taa ya kofia yake ya mgodini.
Hii haina bei, nikamwambia.
Akasema: basi andika ndogo.
Nikaandika.

Usiku mmoja wa Februari mashine ikamtapikia
milioni mia tatu na arobaini.
Akaja na mfuko wa plastiki, wa kununulia kabichi,
noti zimebanwa kwa rababendi,
theluji kwenye nyusi, na hakukohoa.
Nikadhani anakuja kukomboa saa.
"Nipe pete zote."
"Pete zipi?"
"Za watu. Za ndoa. Na anwani zao."

Sitini na mbili.
Tulizifunga kwa magazeti mpaka kukapambazuka,
kila moja na bahasha yake,
yeye akilamba stempu hadi ulimi ukakauka:
Busan, Daegu, Incheon,
na kijiji ambacho hata karani wa posta hakukijua.
Jina lake hakuliandika. Aliandika: Usirudi huku.
Taa yake akaiacha rafuni. Hiyo haina haraka, alisema.

Nami nilifuta majina, mstari kwa mstari,
na riba nikachukua yote. Sitasema uongo.

Machi, ya kwanza ikarudi.
Bwana wa Daegu alikuja ameivaa,
akaomba sabuni ili imtoke kidoleni.
Bei ile ile. Hakunitazama.
Aprili zikarudi tisa,
moja ingali ndani ya bahasha, na maneno mawili juu yake;
mwenyewe akauliza kama bahasha nayo ina thamani.

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari ninalo.
Nimeiona mali ikipotea na habari zake zote,
na tarehe, na saini.

Juni nikasikia kikohozi.
Man-sik hakuwa na saa wala koti wala mfuko.
Aliweka kauntani risiti za posta,
sitini na mbili, kwa rababendi ile ile.
"Unanipa ngapi?"

Sikujibu. Macho yake yalikuwa yamekwisha fika rafuni.
Alihesabu kwa midomo, polepole,
kama mtu anayehesabu wenzake wanaotoka shimoni.
"Arobaini na moja," akasema.
Kisha akasimama wima kidogo.
"Basi ishirini na moja hazijarudi."

Niliziweka risiti kwenye mizani ya dhahabu.
Sindano haikutikisika.
Nikaandika. Safari hii sikuandika ndogo.

Alitoka na hela mkononi, hakuzitia mfukoni.
Kushoto ni stesheni ya treni. Kulia, mlima.
Nilikuwa nimeinamia daftari nikipuliza wino,
na nilipotoka mlangoni
ilikuwa Juni, hakuna theluji,
hakuna nyayo.