Mchoraji wa Pama

Mimi ndiye niliyezichora.
Pama mia mbili na kumi na nne,
kutoka kivukoni hadi stesheni,
ukutani kwa daktari wa meno, kwenye ghala la mpunga,
nyuma ya choo cha shule ya wavulana:
pama pana ya mianzi, duara jekundu katikati,
na chini yake, kwa herufi za Kiassam,
Bonde letu, kichwa chetu.

Mwaka ule kijana aliyekuwa bado anadaiwa ada ya mtihani
aliamka waziri.
Bweni zima likahamia bungeni, na sufuria zake.
Dimbeswar Phukon, aliyezoea kuniazima baiskeli,
alirudi Rongagora kwa gari la bendera, akateremka,
akaushika mkono huu uliolowa rangi
wala hakuufuta wake.
Mama akatoa tambuu na popoo kwenye sinia ya shaba.
Akasema, sasa hata Brahmaputra itatusikiliza.

Haikusikiliza.
Ilimega kingo zake kama kawaida:
mwaka huo shamba la Rupahi,
mwaka wa pili yake nusu ya soko na ukuta wenye pama kumi.
Fedha za tuta zilifika. Tuta halikufika.
Tukasema, wapeni muda, ni watoto wetu.
Tukawapa muda, nao wakaula.
Kisha wakatengana: Pama, Pama Mpya, Pama Halisi.
Nikazichora zote tatu.
Aliyenilipa kwa wakati ni yule wa Halisi,
na chama chake hakikufika hata siku ya kura.

Wakaja wakubwa kutoka Delhi na lugha tamu ya ubia.
Ninyi chukueni viti arobaini.
Ninyi chukueni kumi na viwili.
Vikapungua, vikapungua, hadi nikakiona kiti chenyewe kwa macho:
cha plastiki, cha buluu, mwisho wa jukwaa,
karibu na jenereta,
na Dimbeswar amekikalia, mikono magotini,
akipiga makofi sekunde moja baada ya wenzake
kwa sababu ya kelele.

Hao wakubwa ndio walioniita na ngazi yangu.
Zifute zote, wakasema. Walijua wa kumwita;
nani mwingine anakumbuka zilipo?
Rangi yao nzito, haihitaji mkono wa pili.
Malipo kila Ijumaa.
Kwa daktari wa meno, mjukuu wake alinishikia ngazi,
akainua uso: Hii ni nini, babu, uyoga?
Nikasema ndiyo.

Uchaguzi wa mwisho Dimbeswar alikuja kwa miguu.
Siku hizi picha hutoka mashineni, kwenye turubai,
meno ya mgombea makubwa kama milango.
Yeye alitaka pama moja tu, getini kwake, kwa brashi.
Alileta popoo mbichi ishirini, zimefungwa kwa jani la mgomba.
Nikachora. Mkono umezeeka,
duara likatoka kama yai.
Akasogea nyuma hadi mtaroni, akalitazama sana,
akasema, ile ile.

Kituo chetu ni shule ya wavulana.
Matokeo yalibandikwa mlangoni kwa gundi ya wali:
Pama, kura tano.

Nyumbani kwa Dimbeswar wapiga kura ni saba.
Yeye, mkewe Hemolata, wana watatu, mkwe,
na shangazi kipofu aliyebebwa kwa riksho.
Jioni alikuja kukaa barazani kwangu.
Nikamwona akihesabu kwa kidole gumba, pingili kwa pingili,
akifika tano, akisimama, akianza upya.
Nilidhani ataniuliza yangu niliitia wapi.
Hakuniuliza.
Alikwisha kupiga hesabu:
ikiwa yangu imo ndani ya hizo tano,
basi nyumbani kwake mambo ni mabaya zaidi.

Nilikuwa nikisuuza brashi.
Maji yalikwisha kutakata.
Nikaendelea kusuuza.